Visiwa vya Shaba katika Bahari ya Miombo

Katika nchi ya Katanga ya zamani, yapata katikati ya Likasi na Kolwezi, kuna mji mdogo uitwao Tenke. Wengi waujua kwa sababu ya reli. Hapo njia ya chuma itokayo Lubumbashi yagawanyika mara mbili: moja yaelekea kaskazini, hata Kamina na mpaka Ilebo penye mto Kasai, nyingine yaelekea magharibi, yapita Kolwezi na Dilolo, kisha yavuka nchi ya Angola na kuishia katika bandari ya Lobito, ufukoni mwa bahari ya Atlantiki. Njia hiyo ya magharibi ilikamilika mwaka 1931. Vita vya Angola viliifunga mwaka 1975, na watu wa Tenke wakakaa miaka mingi wakitazama reli ielekeayo baharini pasipo gari kuifikia bahari. Mwaka 2018 shehena za madini ya Kongo zikaanza tena kupita huko, na siku hizi mataifa makubwa yashindana kuitengeneza njia hiyo, maana kila taifa lataka shaba na kobalti za Lualaba.

Lakini leo hatutaki kuwaeleza habari za reli. Tunataka kuwaonyesha visiwa vilivyo mbali na bahari zote, na viumbe wadogo wakaao juu yake, ambao wengi wa wale waishio karibu nao hawajapata kuwaangalia hata mara moja.

Mgeni afikaye Tenke huona kwanza msitu wa miombo. Huenea pande zote mpaka macho yachoke, na kila familia ya nchi ile yaujua kama ghala lake. Humo hutoka kuni na makaa, asali na uyoga, viwavi vya kukaanga na matunda ya masuku. Lakini akitazama vizuri ataona kwamba mahali fulani msitu wakoma ghafula. Kilima chainuka, na miti yakataa kukipanda. Mabegani mwake kuna nyasi fupi na vichaka vidogo. Kichwani ni mawe matupu, kama upara wa mzee. Katika mawe hayo huonekana michirizi ya kijani, mfano wa kutu ya sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani. Hiyo ndiyo alama yake. Kilima hicho ni cha shaba.

Vilima vya namna hii vimetawanyika katika ukanda wenye urefu wa kilomita 300 hivi na upana wa kilomita 50, na hesabu yake ni yapata 160. Vingi havifiki hata kilomita moja ya mraba. Mababu wa Wasanga walivijua kila kimoja kwa jina, na majina hayo yako mpaka leo katika ramani za wataalamu: Kwatebala, Goma, Fwaulu, Kavifwafwaulu, Shimbidi. Miamba yake ni migumu kuliko nchi iliyoizunguka. Kwa hiyo mvua za zamani zilizoisaga nchi nzima zilishindwa kuisaga, ikabaki imesimama.

Kwa nini miti haipandi? Kwa sababu udongo ule una sumu. Shaba kidogo sana ni chakula cha mmea, kama vile chumvi kidogo ni kitoweo kwetu. Lakini shaba nyingi huunguza mizizi. Udongo wa shamba la kawaida una miligramu makumi machache tu za shaba katika kilo moja. Udongo wa vilima hivyo una maelfu ya miligramu, hata elfu kumi na zaidi mahali pengine, tena kobalti imechanganyika humo. Ukipanda mahindi yako pale utavuna majani ya njano, kisha hutavuna kitu.

Basi hapa ndipo tuonapo ajabu ya Muumba. Mahali ambapo mti mkubwa umeshindwa, ua dogo limeweza. Katika muda mrefu usiohesabika, mimea michache ilijifunza kuishi katika sumu ile, ikafanya makao yake hapo, na mwishowe mingine haikuweza tena kuishi mahali pengine. Kwa mimea hiyo msitu wa miombo ni kama bahari kwa mtu asiyejua kuogelea. Kilima ni kisiwa chake, na kati ya kisiwa na kisiwa hakuna daraja.

Mwenye kupanda kilima mwishoni mwa masika ataliona lile waliloliita ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo wa jamaa ya mrehani, wenye maua ya zambarau. Yuko na ndugu yake, Haumaniastrum robertii, aliyepewa sifa ya kuwa ua la kobalti. Ipo pia Crotalaria cobalticola, ya jamaa ya marejea, yenye maua ya njano. Na Gladiolus ledoctei, ndugu wa porini wa yale maua ya gladioli tuyapangayo mbele ya altare siku za sikukuu. Baada ya moto wa kiangazi kupita na kuacha majivu, vichipukizi vingine hutoka ardhini kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha, kwa kuwa nguvu yake imefichwa chini katika mizizi.

Watu wa kale hawakuwa wajinga wa mambo haya. Muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kufika, mafundi wa Katanga walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto wakati wa kiangazi, wakamimina shaba katika umbo la msalaba wenye mikono minne. Misalaba hiyo ilikuwa mali na fedha, ililipa mahari, na katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba imekutwa imewekwa pamoja na wafu. Haikuwa misalaba ya dini yetu, lakini ni jambo la kuwaza kwamba alama hiyo ilikuwa ya thamani mikononi mwa watu hawa kabla hawajahubiriwa Injili. Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika mwaka 1926 habari za mafundi hao, akawaita wala shaba wa Katanga. Na mahali walipojenga tanuri zao, ua la shaba likaota juu ya mabaki ya kazi yao. Hata karne hii iliyopita, wataalamu wa mambo ya kale waliyatafuta matanuri hayo kwa kulifuata ua hilo, kama mtu afuataye nyayo.

Mwaka 1892 mtaalamu wa miamba Jules Cornet, Mbelgiji, alizunguka nchi hiyo akavipima vilima. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikayeyushwa Lubumbashi. Tangu hapo kilima kimoja baada ya kingine kiligeuzwa kuwa shimo. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alipita humo na wenzake, akaandika majina ya mimea mingi ambayo hakuna mtu wa elimu aliyekuwa ameiandika bado. Baada yake François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaendelea na kazi hiyo. Kwa bidii ya watu hao na wanafunzi wao Wakongo tunajua leo kwamba mimea 600 hivi huota juu ya vilima vya shaba.

Mingi katika hiyo huota mahali pengine pia, wala hatuihofii. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ulaya walipochambua hesabu yote, walikuta aina 32 zisizopatikana popote duniani ila katika udongo wa shaba wa Kongo na majirani, na aina nyingine 24 ambazo ni nadra sana kuziona nje ya udongo huo. Aina kadhaa hukaa katika vilima viwili au vitatu tu. Aina nyingine zilizoandikwa na wa kwanza hazikuonekana tena: kilima chake kilichimbwa, nazo zikaenda na kilima. Na nyingi katika zile 32 zimehesabiwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Msomaji aweza kusema: Haya ni majani tu; yakipotea hapa yataota kwingine. Ili tujibu neno hilo, tuvuke maji kwa muda mfupi tufike katika kisiwa cha kweli.

Katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Java, kuna kisiwa kidogo cha nchi ya Australia kiitwacho Kisiwa cha Krismasi. Humo walikaa mijusi wenye magamba laini yang'aayo, wasiopatikana mahali pengine popote. Aina moja, mjusi wa msituni, ilikuwa ya kawaida kabisa: watu walimwona ameota jua juu ya majani makavu, wala hakuna aliyemjali. Katika miaka ya 1980 nyoka mgeni alifika kisiwani humo. Mijusi wale hawakuwa wamemjua adui wa namna hiyo, wala hawakuwa na pa kukimbilia, maana pande zote ni maji. Walipungua kimyakimya. Watu walipoamka kuwatafuta, walipata wachache mno wa kuwafuga, na wote walikuwa majike. Wa mwisho, aliyepewa jina la Gump, alikufa tarehe 31 Mei 2014. Tangu siku ile hakuonekana mwingine, na mwaka 2017 wakuu wa elimu hiyo duniani walitangaza kwamba aina hiyo imekwisha.

Lakini habari yao ina upande wa pili. Katika kisiwa hichohicho alikuwako mjusi mwingine, mwenye mkia wa buluu, naye alikuwa karibu kuangamia. Huyu walimwahi. Tangu mwaka 2009 walikusanya waliobaki, wake kwa waume, wakawafuga kwa uangalifu, wakazaana. Mwaka 2019 baadhi yao walipelekwa katika kisiwa kidogo cha Cocos pasipo na nyoka huyo, wakaachiwa huru. Ndugu wawili wa kisiwa kimoja: mmoja amekwisha, mwingine yu hai. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ni kuwahi na kuchelewa.

Sasa turudi Tenke, kwa maana swali lililo mbele ya vilima vyetu ni hilohilo. Hapa hakuna nyoka mgeni. Adui anakuja na mtambo wa kuchimba, tena anakuja kwa sababu ambayo hatuwezi kuiita ubaya mtupu. Mwaka 1970 iliundwa kampuni ya kuchimba Tenke na Fungurume. Kazi ikasimama mwaka 1976. Mkataba mpya ulitiwa sahihi mwaka 1996, na mwaka 2009 shaba ya kwanza ikatoka kilima cha Kwatebala, chini ya kampuni ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliuza sehemu yake kwa kampuni ya Kichina, CMOC. Gécamines, mali ya taifa, ina asilimia 20. Kobalti ya hapo huingia katika betri za magari yasiyotoa moshi, ambayo nchi tajiri zayataka ili hewa ya dunia isizidi kuharibika. Ni ajabu iliyoje! Ili kuponya hewa ya dunia nzima, tunaondoa kilima chenye ua lisilopatikana mahali pengine duniani.

Tusiwasahau pia wachimbaji wa mikono. Hao ni baba na kaka zetu, na mara nyingine ni watoto waliopaswa kuwa darasani. Huingia mashimoni kwa koleo na kamba, kwa kuwa nyumbani hakuna unga. Mwezi Juni 2019 askari waliletwa kuwaondoa katika eneo la Tenke na Fungurume. Mtu mwenye njaa hawezi kuhubiriwa habari za maua. Kwa hiyo anayetaka kuyalinda maua ya shaba hana budi kwanza kutaka haki kwa mtu: kazi yenye ujira, shule, maji safi, na fidia ya kweli kwa yule aliyeondolewa shambani mwake. Mambo haya mawili si maadui. Mara nyingi mkono udharauo kilima ndio udharauo na kijiji kilicho chini yake.

Ni nini basi kilichofanyika? Sheria ya machimbo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamlazimisha mchimbaji aeleze kabla ya kazi atakavyoiponya nchi. Na sheria ya mwaka 2014 yaagiza kuhifadhi viumbe. Mbuga za taifa za Upemba, ya mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970, ni hazina kubwa, lakini karibu vilima vyote vya shaba viko nje yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Gembloux, katika Chuo Kikuu cha Liège cha Ubelgiji, na wenzao wa Lubumbashi, walifanya kazi pamoja na machimbo ya Tenke na Fungurume ili kuhesabu mimea ya kila kilima na kutafuta njia ya kuiokoa.

Njia ya kwanza, iliyo bora kuliko zote, ni kuacha vilima fulani, au sehemu zake, visiguswe. Ya pili ni kuhamisha. Kabla mtambo haujapasua kilima, hukatwa mapande ya udongo pamoja na nyasi na mizizi yake, yakapelekwa mahali palipotayarishwa na kupangwa tena kama matofali. Baadhi ya mimea imekubali makao hayo mapya; mingine imekataa; na magugu yameingia kati. Mahali hapo hapakufanana kabisa na kilima cha asili, maana mwanadamu aweza kuhamisha udongo, lakini hawezi kuhamisha umri wake. Ya tatu ni kuweka mbegu. Huko Meise, karibu na Brussels, katika bustani kubwa ya mimea, mbegu za mimea ya vilima vya Katanga zimekaushwa na kuwekwa katika baridi kali. Majaribio yalionyesha kwamba mbegu za aina nyingi hustahimili hali hiyo na huota zikipandwa. Hii ni safina ya namna yake. Lakini tukumbuke kwamba Nuhu hakuijenga safina ili wanyama wakae humo milele. Alingojea nchi kavu. Mbegu iliyo ndani ya baridi nayo yangojea kilima. Kama vilima vyote vitakwisha, itarudishwa wapi?

Wabelgiji wenyewe wana mfano mdogo wa kututia moyo. Mashariki mwa nchi yao, karibu na mpaka wa Ujerumani, palichimbwa zinki tangu zamani, na katika udongo ule wenye sumu huota ua la njano liitwalo Viola calaminaria. Machimbo yalifungwa, lakini watu hawakuufukia udongo ule wala kuulima. Waliweka hifadhi, na leo wazazi huwapeleka watoto wao kuliona ua hilo. Ikiwa huko ua la udongo mbaya limekuwa fahari ya nyumbani, kwa nini isiwe hivyo Tenke?

Tena elimu ya mimea hii haijaisha. Mwaka 1977 iliandikwa kwamba ua la kobalti hukusanya madini mengi ajabu katika majani yake. Baadaye wengine walionya kwamba sehemu ya madini hayo huenda ilikuwa vumbi lililoshika juu ya majani, wakaanza kupima upya. Ndivyo elimu ya kweli iendavyo: hujisahihisha. Lakini haiwezi kupima tena mmea uliokwisha. Na mashimo yaliyoachwa, na vumbi linaloruka juu ya nyumba za watu, yangali yataka mmea wa kuyafunika. Ni mimea ipi itakayoweza kazi hiyo, isipokuwa ile iliyozaliwa katika shaba? Twaweza basi kuwa tunatupa dawa kabla hatujaujua ugonjwa wetu wote.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kile kisichotupa faida, na kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Mwaka 2023 alipofika Kinshasa alisema waziwazi juu ya wale wanaoinyonya nchi hii kwa ajili ya mali yake. Sisi Wakristo wa nchi ya shaba tuna sababu ya kuyashika maneno hayo kuliko wengine.

Enyi akina baba na akina mama, na ninyi walimu wa shule zetu, ipo kazi mnayoiweza bila fedha. Waulizeni wazee majina ya vilima na ya maua, mkayaandike kabla hayajasahauliwa. Wapelekeni watoto kilimani siku ya mapumziko, mahali pasipo hatari ya mashimo, muwaonyeshe jinsi msitu unavyokoma na ua dogo linavyoanza; wala wasiling'oe. Wenye sauti katika mabaraza wadai kwamba katika kila mkataba mpya pawepo kilima kinachoachwa kama kilivyo, na kwamba ahadi iliyoandikwa ikaguliwe. Vijana wapendao elimu wajue kwamba Lubumbashi kuna mafundi wa Kongo wanaoijua kazi hii, na kwamba mimea ya Katanga ingali yataka wana wa Katanga wa kuisoma.

Jimbo hili liliwahi kuitwa Shaba, tangu mwaka 1971 hata 1997. Jina lilikuja likaondoka, na shaba yenyewe nayo itaondoka siku moja, kilo kwa kilo, kwa gari la moshi na kwa malori, mpaka shimo la mwisho lifikie maji. Siku hiyo wajukuu wetu watauliza tumewaachia nini. Yafaa tuweze kuwajibu kwa kuwaonyesha kilima kimoja chenye kichwa cha mawe na maua ya zambarau, ambacho mababu walikipa jina, na ambacho sisi, tulipokuwa na uwezo wa kukimaliza, tulikiacha kisimame.